Kurasa Sita za Matangazo

Slaidi ya jalada ndiyo hupigiwa makofi. Wanafunzi wanne wamesimama mbele ya majaji, mashati yamepigwa pasi, mmoja ana maiki mkononi na mwenzake anameza mate. Wamepewa dakika chache za kunadi wazo lao, nalo ni jarida jipya la Kitengela: la kila mwezi, kurasa 32, habari za hapa na picha za hapa. Jalada linapotokea ukutani, msichana wa Kimaasai na vipokea sauti masikioni, magorofa ya barabara ya Namanga nyuma yake, ukumbi mzima unachangamka. Kisha inakuja slaidi ya soko, halafu ya fedha, na watu wanaanza kuangalia simu zao.

Kundi hilo laweza kutoka chuo chochote cha kaunti ya Kajiado: Africa Nazarene kule Ongata Rongai, KAG East hapo Kitengela penyewe, au taasisi ya ufundi ya Maasai mjini Kajiado. Mashindano ya kunadi biashara yamekuwa sehemu ya maisha ya wanafunzi wa Kenya, kuanzia Enactus na Hult Prize vyuoni hadi kampuni za majaribio za Junior Achievement katika shule za sekondari. Wengi hujitokeza na programu za simu, mashine za kukausha mboga au sabuni za mshubiri. Wanaokuja na jarida la karatasi huchekwa chinichini. Nani ananunua jarida siku hizi?

Mgala muue na haki yake umpe: wazo lao lina mashiko. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela. Ile ya 2019 ikawakuta 154,436. Mji umekaribia kuongezeka mara tatu ndani ya miaka kumi, na kaunti yenyewe imevuka milioni moja. Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe hapo paliposimama benki leo anapishana barabarani na fundi bomba aliyetoka Kisii, mwalimu wa Machakos na kijana wa Kiambu anayeuza vigae. Watu wote hao, magazeti ya Nairobi huwakumbuka simba anapotoka mbugani, barabara inapofungwa, au mtu anapouziwa hewa badala ya ploti.

Kasoro inaanzia pale kundi linapogeuza wakazi kuwa wasomaji. Huchukua ile 154,436, likaondoa watoto, likagawanya kwa mbili, kisha likasema kwa unyenyekevu wote kwamba hata asilimia moja tu ya waliobaki wakinunua, biashara itasimama. Asilimia moja ina sauti ya kiasi, ndiyo maana ni rahisi kusadikika. Lakini haimdondokei mtu kutoka mbinguni. Wengi wa wakazi hao hupanda matatu alfajiri kwenda Nairobi, au huelekea kwenye viwanda vya Athi River na eneo la EPZ, na hurudi giza limeingia. Lazima awepo mtu wa kuwafikishia nakala, katika dakika ambayo wana shilingi mkononi na mwanga wa kusomea.

Mtu huyo yupo tayari, naye ni muuza magazeti wa stejini. Bidhaa yake ameitandaza juu ya gunia na kuikandamiza kwa mawe, upepo wa malori ya Namanga usiipeperushe. Kumtazama kwa nusu saa kunafundisha kuliko slaidi kumi. Wapo wateja wasionunua: humpa shilingi chache, wakachukua gazeti, wakaketi kando na chai ya kibandani, wakalisoma na kulirudisha likiwa limekunjwa vizuri. Jioni nakala hiyohiyo huhesabiwa pamoja na zile ambazo hazikuuzwa, ikarudishwa kwa msambazaji. Kampuni za magazeti zimelalamikia ukodishaji huu kwa miaka mingi bila kufua dafu. Ila kwa kundi la wanafunzi, hapo ndipo ulipo utafiti wa soko: hamu ya kusoma ipo, na bei yake mtaani imeshajulikana. Ni shilingi kumi au ishirini, wala si mia na hamsini ambazo kundi linapanga kutoza.

Yupo pia kinyozi. Katika vibanda vya kinyozi na saluni za mitaa ya Yukos, Chuna na Noonkopir, wateja husubiri zamu kwa muda mrefu, na nakala moja ikiachwa kwenye benchi itapita mikononi mwa makumi ya watu kabla haijachanika. Kliniki za meno zina benchi kama hilo, na kadhalika ofisi za sacco. Kundi lenye akili lingeacha kumkimbiza msomaji mmojammoja, likawauzia wenye mabenchi, ambao ni wateja wanaojulikana walipo na wanaoweza kulipia mwaka mzima kwa M-Pesa.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuseme wanachapa nakala 1,000 na kila nakala inawagharimu shilingi 120. Hizo ni shilingi 120,000. Bei ya jaladani ni 150. Muuzaji anabaki na 30, jarida linapata 120. Tuseme nakala 600 zinauzwa, jambo ambalo kwa toleo la kwanza ni la kushukuru Mungu. Zimeingia shilingi 72,000. Pengo ni 48,000. Ukurasa mzima wa tangazo wakiuuza kwa 8,000, pengo linazibwa na kurasa sita kamili, na hapo mwandishi, mpiga picha na msanifu wa kurasa hawajaonja hata thumni.

Nambari hizo ni za mfano tu, lakini umbo la hesabu ndilo lilelile kwa kila anayegusa karatasi. Kutengeneza bamba la kuchapia kuna gharama ileile uchape nakala mia mbili au elfu tano, kwa hiyo mpiga chapa atakushawishi kuongeza idadi ili kila nakala ishuke bei, na ukikubali, nakala zilizododa zitahamia chini ya vitanda vya hosteli. Kurasa nazo haziongezwi moja moja. Karatasi hukunjwa na kupigwa pini katikati, ndiyo maana jarida huhesabiwa kwa nne nne: 28, 32, 36. Mwandishi akileta makala yaliyozidi kwa ukurasa mmoja, ama yakatwe ama zilipiwe kurasa nne zaidi. Serikali pia ina lake. Sheria ya Vitabu na Magazeti ilirekebishwa mwaka 2002, dhamana inayodaiwa mchapishaji wa gazeti ikaruka kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja. Kundi lolote linafaa kumtafuta wakili kabla ya kumtafuta mpiga chapa.

Jibu la haraka ni kukimbilia mtandaoni, ambako hakuna bamba wala gunia. Mtandao huondoa gharama za karatasi na uchapaji na kuacha nyingine nyingi. Faili la jarida likishauzwa kwa mtu mmoja wa kundi la WhatsApp, wote waliomo wameshalipata, kama wachapishaji wa magazeti ya kila siku wanavyojua kwa uchungu. Enkare Review, jarida la fasihi lililoanzishwa na vijana Nairobi mwaka 2016 na kupewa jina la Kimaa, liliishi mtandaoni na kupata wasomaji nje ya mipaka ya Kenya, na bado halikudumu miaka mingi.

Basi tunarudi kwenye zile kurasa sita, maana mkono mtupu haulambwi. Nani Kitengela atazinunua? Duka la vifaa vya ujenzi litachukua nusu ukurasa. Shule ya binafsi itachukua mmoja, mwezi wa Novemba, inapotafuta wanafunzi wa Januari. Hospitali ndogo labda, na sacco moja. Lakini anayeweza kuchukua ukurasa wa nyuma wa rangi kila mwezi, akalipa kwa wakati na kuagiza miezi mitatu mbele, ni muuza ploti.

Ardhi ndiyo biashara iliyoufanya mji huu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande na hati yake, na tangu hapo ekari zimekuwa zikikatwa kuwa nusu ekari, na nusu kuwa robo na thumni. Vibao vya "Ploti zinauzwa" vimesimama kwenye makutano ya barabara kuanzia Kitengela hadi Isinya, na katikati yake, kwenye kuta na mawe, kuna maandishi mengine yaliyopakwa kwa rangi nyekundu: "Shamba hili haliuzwi." Mwenye shamba hayupo, yuko kazini au ughaibuni, na ukuta wake unamwonya mnunuzi asije akauziwa na asiyehusika.

Hapo ndipo habari kubwa kuliko zote za mji huu ilipo. Upande wa kaskazini ipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuachwa wazi upande wa kusini ili nyumbu na pundamilia wateremke kwenye nyanda za Kaputiei msimu wa mvua. Kila uzio mpya huziba njia hiyo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio na wasiuze, na malipo yakapangwa kwa awamu tatu, kwa kufuata mihula ya shule, kwa kuwa waliouandaa walijua pesa ya mfugaji huishia kwenye karo. Dola nne kwa ekari dhidi ya bei anayoitoa mnunuzi wa ploti: mwandishi hahitaji kuongeza chumvi.

Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Miaka hiyo alikuwapo huko, kwenye ukingo wa mbuga, mvulana aliyekuwa akilinda ng'ombe wa babake, Richard Turere. Alijaribu moto, haukufaa. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja, akizunguka zizi na tochi, akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akazifunga kuzunguka zizi ziwakewake zenyewe usiku kucha. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimama kwenye jukwaa la TED huko California kuieleza kazi hiyo.

Kundi la jarida linafaa kuitazama hotuba ile kabla ya kufungua slaidi. Turere hakuanza na taa. Kabla ya kuzifikia alisimulia asubuhi aliyomkuta fahali wao wa pekee ameuawa, na kila aliyekuwapo ukumbini akaelewa kwa nini mtoto afungue betri ya gari. Wanafunzi wengi huanza na nembo, rangi na kaulimbiu, na jaji anabaki akijiuliza ni nani hasa aliyepoteza fahali. Kwa jarida la Kitengela jibu lipo. Ni mwalimu aliyelipa akiba ya miaka kumi na kukuta ploti yake ina wamiliki watatu. Ni mama wa Kimaasai aliyesikia kwamba shamba la boma limeuzwa siku aliyoona trekta. Jarida linaloandikwa kwa ajili ya hao wawili lina sababu ya kuwapo.

Lakini fahali ameliwa na nani? Mara nyingine na rafiki wa yule anayelipia ukurasa wa nyuma. Slaidi ya fedha na slaidi ya maudhui zinagombana, na kwa kuwa zimetengenezwa na wanafunzi wawili tofauti katika usiku mmoja, hakuna aliyeliona gomvi hilo.

Waliotangulia walikutana nalo. Rajat Neogy alikuwa na miaka 22 alipoanzisha Transition jijini Kampala mwaka 1961, na ndani ya miaka michache waliandika humo Nyerere, Achebe na Ali Mazrui. Sehemu ya fedha ilitoka kwa Congress for Cultural Freedom, shirika lililokuwa na makao Paris. Mwaka 1967 ikawa bayana duniani kwamba nyuma ya shirika hilo ilikuwapo CIA. Neogy alishikilia kwamba hakujua, na kurasa zake zilikuwa zimewachapa watu wa pande zote. Hata hivyo mwaka uliofuata serikali ya Obote ilimweka kizuizini kwa yaliyochapishwa jaridani, akiwa tayari na doa la fedha ambazo hakuwahi kuziomba kwa jina hilo.

Nairobi ilikuwa na Hilary Ng'weno, mtu aliyesomea fizikia na hisabati Harvard na aliyejua kuhesabu kuliko wahariri wengi. Mwaka 1973 yeye na mchoraji Terry Hirst walianzisha Joe, jarida la vichekesho na hadithi fupi. Mwaka 1975 akaanzisha The Weekly Review. Mwaka 1977 likafuata gazeti la The Nairobi Times. Hilo la mwisho lilimlemea kifedha, na mwaka 1983 likanunuliwa na KANU na kugeuzwa The Kenya Times. Gazeti la mhariri huru likawa sauti ya chama tawala, kwa njia ya mauzo ya kawaida kabisa, bila askari hata mmoja kuvunja mlango.

Binyavanga Wainaina naye alikwenda Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei, akaishia kuwa mwandishi. Aliposhinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 alizitia fedha zake katika Kwani?, lililotoka mwaka uliofuata na kuwapa nafasi Sheng, barua pepe na simulizi za mtaani katika kurasa za fasihi. Taasisi ya Ford ikalibeba kwa muda. Shujaaz, jarida la katuni la Sheng lililozaliwa mwaka 2010 na mhusika wake DJ Boyie, liligawiwa bure ndani ya gazeti na kushinda Emmy ya kimataifa mwaka 2012. Malipo yalitoka kwa wafadhili na washirika. Tanzania ilikuwa imetangulia: Fema, lililoanzishwa mwaka 1999, lilifika katika shule za sekondari nchi nzima kwa Kiswahili, bila mwanafunzi kutoa senti, kwa msaada wa wahisani. Upande wa pili yupo Eunice Mathu, aliyeanzisha Parents mwaka 1986 na kuliendesha kwa miongo kwa fedha za wasomaji na za matangazo. Mada zake zilikuwa ndoa, malezi na afya, ambazo muuza sabuni na muuza maziwa ya watoto hawana ugomvi nazo.

Ukiwapanga hao wote kwenye meza moja, tofauti yao haiko kwenye ubora wa jalada. Iko kwenye nani aliyeweza kumpigia mhariri simu na kumwambia, "Hilo, bwana, tuliache kwanza." Mfadhili wa ng'ambo hupiga simu mara chache, lakini huondoka kwa tarehe aliyoiandika yeye. Mtangazaji wa mtaani hukaa siku zote, na nambari yako anayo.

Suala la lugha nalo linaingia hapahapa, ingawa wanafunzi hulitaja kwa sekunde tano. Karibu wote huandaa jarida lao kwa Kiingereza kwa sababu jarida walilowahi kulishika lilikuwa la Kiingereza. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini katika magazeti ya kila siku ya Kenya Taifa Leo limebaki karibu peke yake tangu 1960. Ukiketi kwa kinyozi wa Kitengela utasikia Kiswahili na Sheng, Kimaa kwenye simu, Kikamba kati ya wawili waliotoka kijiji kimoja. Muuza ploti ameshaelewa hilo. Ndiyo maana kibao chake hakisomeki kwa Kiingereza peke yake. Anayeuza ardhi amechagua lugha ya mnunuzi, na anayetaka kumlinda mnunuzi huyo ana sababu ya kuchagua hiyohiyo.

Majaji huuliza maswali yao ya desturi: washindani wenu ni nani, faida itaanza mwaka gani, mkipewa laki mbili mtazifanyia nini. Swali ambalo lingewafaa zaidi ni tangazo gani watakalolikataa. Kundi lenye jibu la maandishi, hata mistari mitatu, limeshaanza kazi ya uhariri; lisilo na jibu litajibiwa na mteja wake wa kwanza. Mistari yenyewe si migumu kuitunga. Mtangazaji mmoja asichukue zaidi ya ukurasa mmoja kati ya zile sita. Makala hayaonyeshwi kwa mtangazaji kabla hayajachapwa. Na tangazo lolote la ploti lichapishwe likiwa na nambari ya shamba kama ilivyo kwenye hati, ili msomaji aende kwa msajili wa ardhi kufanya upekuzi kabla ya kutoa arbuni.

Sharti hilo la tatu litamkera mtu. Muuza ploti mwenye hati safi atalilalamikia siku moja na kulizoea, kwani linampa heshima ambayo bango la njia panda halimpi. Yule mwingine ataondoka na ukurasa wake, na mhazini wa kundi atabaki na pengo la shilingi 8,000 na siku tatu kabla ya faili kwenda kwa mpiga chapa. Saluni nane, kila moja ikilipa shilingi elfu moja kwa thumni ya ukurasa, zinatosha kuliziba, na kutoka Yukos hadi Noonkopir saluni zimejaa tele. Itabidi tu atembee kwa miguu, mlango hadi mlango, akiwa na nakala ya mfano mkononi na kitabu cha risiti.